Kupanda Elephant Hill na klabu kwa mara ya kwanza: niulize nini kabla ya kulipa, nibebe nini?

MwanaKisauni

Hamjambo wenzangu. Nimehamia Nairobi kutoka Mombasa, na nimeona tangazo la klabu moja ya wapanda milima inayopeleka watu Elephant Hill, upande wa Njabini, Jumamosi ya wiki tatu zijazo. Tangazo linasema ugumu ni "wa kati hadi mgumu", watu wanakutana mjini saa kumi na moja alfajiri, na ada inalipwa kwa M-Pesa kabla ya Jumatano. Basi, hakuna maelezo zaidi.

Kutembea tambarare kilomita 10 hakunishindi, lakini mlima sijawahi kupanda. Je, huu unafaa kwa anayeanza? Nimwulize nini mwandalizi kabla sijatuma pesa? Na viatu nilivyo navyo ni raba za mazoezi tu. Buti mpya bei yake imenishinda, kwa hiyo nawaza kutafuta za mitumba soko la Toi. Mwenye kujua anieleze kwa undani, hata vile vitu vidogo ambavyo watu huona havina haja ya kutajwa.

---

Wa_Nyuma

Karibu sana dada. Nianze na mlima wenyewe, maana "wa kati hadi mgumu" ni maneno yasiyopimika.

Elephant Hill iko kwenye safu ya Aberdare, yaani Nyandarua, upande wa Kinangop Kusini. Kilele kiko karibu mita 3,600. Mnaanzia kituo cha msitu cha Njabini, kwenye mita 2,600 hivi, kwa hiyo mnapanda kama mita 1,000. Kwenda na kurudi ni kilomita 18 hadi 20, kutegemea gari limewashusha wapi. Njia ya kupandia ndiyo hiyo hiyo ya kushukia, na hilo ni jambo jema kwa anayeanza: ukichoka unaweza kurudishwa kutoka popote bila kulazimika kuuzunguka mlima.

Mwanzo ni barabara ya msituni, pana na rahisi, na hapo ndipo wageni wengi hujimaliza kwa kufukuzana na walio mbele. Kisha yanaanza mianzi: giza, mizizi, utelezi, tope linaloweza kupita kifundo cha mguu, na mwinuko usiotoa nafasi ya kupumua. Mkitoka kwenye mianzi mnafika mahali panapoitwa Point of Despair, yaani mahali pa kukata tamaa. Pana haki ya jina hilo. Mtu amekwisha kutumia nguvu zake akidhani mianzi ndiyo ilikuwa kazi yote, anainua macho na kuuona mgongo wa tembo, yaani sehemu ya juu ya mlima, ungali mbali, na mbele yake ni vichaka, mafungu ya majani na upepo mtupu.

Sasa hesabu ya muda, na hapa naomba usome polepole. Mskoti William Naismith alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 10 za kwenda ni saa 2. Mita 1,000 ni saa 1 na dakika 40. Jumla saa 3 na dakika 40, lakini huyo ni mtu mwenye mazoezi, kwenye njia kavu, asiyesimama. Ndani ya kundi la watu 25 kwenye tope, zidisha kwa moja na nusu: saa tano na nusu. Kushuka kwenye mianzi yenye utelezi huchukua saa tatu na nusu hadi nne.

Mkianza kutembea saa mbili kamili asubuhi, mtafika juu saa saba na nusu. Nusu saa ya kula na kupiga picha, saa nane mnageuka, na saa kumi na mbili jioni mko kwenye gari. Jua linazama karibu saa kumi na mbili na nusu, na chini ya mianzi giza hutangulia. Umeona nafasi iliyobaki ni ndogo kiasi gani? Mkianza saa tatu na nusu kwa sababu watu watatu walichelewa mjini, ile saa moja na nusu mtailipa gizani, palepale penye tope baya kuliko pote.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwandalizi ni hili: "Mnageuka saa ngapi, hata kama hatujafika kileleni?" Jibu zuri ni saa inayotajwa: saa nane, au saa saba na nusu. Akikujibu "tutaona huko huko" au "kwetu kila mtu hufika", usitume pesa. Mimi hilo ndilo naliweka juu ya maswali mengine yote, kwa sababu mtu anayejua saa ya kugeuka huwa ameshafikiria mambo mengine pia.

Swali la pili: nani anatembea wa mwisho kabisa, na je, ana redio au simu ya kuwasiliana na wa mbele? Kundi la watu 20 linahitaji viongozi wasiopungua watatu: wa mbele anayeweka mwendo, wa katikati anayesimama njia zinapogawanyika, na wa nyuma ambaye hampiti mtu yeyote hata mmoja. Mtu akishindwa katikati ya mlima, kiongozi mmoja hushuka naye. Kama viongozi ni wawili tu, basi kundi lililobaki limebaki na mmoja, na huyo hawezi kuwa mbele na nyuma kwa wakati mmoja.

Waulize pia kibali na askari wa Huduma ya Misitu ya Kenya vimo ndani ya ada au utalipia getini. Uliza kama gari litawangoja Njabini siku nzima, au litaondoka kufanya kazi nyingine na kurudi jioni. Lile linaloondoka ndilo linalowaacha watu wamelowa wakitetemeka kando ya barabara.

---

Kinangop_Baridi

Mwenzangu amemaliza habari ya muda. Mimi nizungumzie nguo, maana mtu wa pwani anaweza kudanganywa na jua la Nairobi.

Joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Nairobi iko mita 1,700 hivi, kilele mita 3,600. Ondoa nyuzi 11 au 12 kwenye joto la mjini siku hiyo, kisha weka upepo na ukungu juu yake. Siku ya nyuzi 20 mjini ni siku ya nyuzi 8 au 9 mgongoni mwa tembo, kabla upepo haujavuma. Ukiwa umelowa jasho na ukasimama dakika 15, mwili huanza kupoteza joto.

Adui wako ni pamba. Fulana ya pamba na jinzi hunyonya jasho na mvua na kukaa navyo, nawe unabaki umevaa kitambaa kibichi siku nzima. Jinzi ikilowa huwa nzito na hukwaruza mapaja. Usitafute nguo za bei. Jezi ya mpira wa miguu ya poliesta inafaa sana ndani, kwa sababu haishiki maji. Juu yake sweta nyepesi ya flisi ya mitumba au ya sufu, na juu kabisa koti la mvua lisilopenya maji, si lile la kuzuia upepo tu. Chini vaa suruali ya mazoezi. Kofia ya sufu na glavu ziwe ndani ya begi hata kama asubuhi kuna jua.

Glavu zina kazi mbili. Kwenye mianzi utashikashika huku na huku ili usianguke, na mianzi iliyovunjika au kukatwa ina ncha kali kama kisu. Glavu za bustani zenye mpira kiganjani hugharimu kidogo na zinashinda za sufu kwenye sehemu hiyo. Za sufu ziweke kwa ajili ya kule juu mlimani.

Anza safari ukihisi baridi kidogo. Ukianza umejifunika vizuri, ndani ya dakika 20 umelowa jasho, na jasho hilo ndilo litakalokugandisha Point of Despair. Kila kundi likisimama zaidi ya dakika tano, vaa flisi kwanza, halafu kunywa maji. Mkiondoka, ivue.

Tena kuna jambo la mifuko. Mtu atakushauri ufunge nguo zako kwenye mfuko mwembamba wa plastiki. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye mbuga, misitu na maeneo mengine ya hifadhi, chupa za maji za dukani zikiwemo. Nunua mfuko wa turubai usiopenya maji, ule wa kukunja mdomo, wa lita 10 au 15. Ndani weka sweta ya akiba na soksi kavu. Maji beba kwenye chupa zako za kudumu.

Nguo nyingine kamili, pamoja na viatu, ziache kwenye gari. Safari ya kurudi ni saa mbili au zaidi ukiwa umeketi, na aliyelowa hupata baridi zaidi garini kuliko mlimani.

---

Fundi_Soli

Dada, kuhusu buti za Toi. Zinafaa, na wengi hupanda nazo, ila kuna hila moja lazima uijue.

Buti nyingi za milima zina tabaka la povu kati ya soli ya chini na ngozi ya juu. Povu hilo ni la poliurithani, na huoza polepole kwa unyevu wa hewa, hata kiatu kikiwa kimekaa kabatini bila kuvaliwa. Kwa hiyo buti inayoonekana mpya kabisa, ngozi inang'aa, meno ya soli hayajalika, inaweza kuwa na umri wa miaka 10, na soli ikabanduka yote nzima ukiwa kilomita 7 kutoka kwenye gari. Ile inayopendeza kupita kiasi ndiyo ya kuchunguza zaidi.

Namna ya kupima: shika kiatu kwa mikono miwili, kikunje kwa nguvu mara 20 penye vidole. Angalia mshono wa soli na povu. Ukiona nyufa ndogo ndogo, au unga unaotoka, kirudishe. Bonyeza povu kwa ukucha wa kidole gumba. Likibonyea kama mkate mkavu na kumeguka, kirudishe. Likirudi lenyewe kama mpira, ni zima. Kisha vuta ncha ya soli mbele na kisigino, kama unataka kuibandua. Ukipata iliyoshonwa kuzunguka soli, hiyo ni salama kuliko iliyogundishwa tu.

Saizi: vaa na soksi nene, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse, kidole chako cha shahada kiingie nyuma ya kisigino. Kisipoingia, kwenye kushuka kucha za miguu zitagonga mbele kwa saa nne mfululizo, na zitageuka nyeusi. Nunua wiki mbili kabla, tembea nazo angalau mara nne, mara moja zikiwa zimelowa maji, kwa sababu malengelenge huonekana kiatu kikilowa.

Siku yenyewe beba vifungio viwili vya plastiki, vile mafundi wa umeme huita zipu tai, virefu vya kutosha kuzunguka kiatu, na mita mbili za utepe mgumu wa kitambaa uliozungushiwa kwenye chupa ya maji. Soli ikibanduka, pitisha zipu tai moja chini ya unyayo mbele, nyingine karibu na kisigino, zungusha utepe juu yake. Inatosha kukufikisha chini.

---

Mwendo_Pole

Mimi kwa Elephant Hill nasema gambuti. Waangalie wenyeji wa Njabini na hata askari wa msitu: wengi wamevaa gambuti. Tope haliingii, na jioni unaziosha kwa ndoo moja ya maji.

---

Fundi_Soli

Mwendo_Pole, kwa mwenyeji sawa, miguu yake imezoea. Kwa mtu wa mara ya kwanza siwezi kumshauri hivyo. Gambuti haishiki kifundo, mguu unacheza ndani, na kwenye kilomita 18 kisigino kinachubuka. Zaidi ya hapo, kushuka nayo ni hatari kwa vidole, maana huwezi kuikaza kwa kamba. Kama njia imelowa kweli na hana buti, basi avae gambuti iliyombana vizuri, soksi mbili, ile nyembamba ndani na nene nje, na aweke kitambaa laini kuzunguka shavu la mguu ili mdomo wa mpira usimkate. Vinginevyo buti na vikinga-tope, vile vya kitambaa kigumu vinavyofungwa kutoka kwenye kiatu hadi chini ya goti. Dukani waite geita. Vilabu vingi huvikodisha, pamoja na fimbo za kutembelea.

---

Mwendo_Pole

Nakubali kwenye kushuka. Geita na buti kwa mgeni, hilo sipingi.

---

MwanaKisauni

Ahsanteni sana, nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia. Nimempigia mwandalizi. Saa ya kugeuka ameitaja bila kusita, saa nane. Viongozi ni watatu kwa watu 22, na mmoja amesomea huduma ya kwanza. Gari linangoja.

Yaliyobaki: wiki tatu zinatosha kujiandaa? Na chakula na maji kiasi gani? Pia naogopa ule mwinuko. Kutoka usawa wa bahari mpaka huku, hata ngazi za ofisini zinanihemesha.

---

MzeeWaNgazi

Mwanangu, klabu hiyo inaonekana imejipanga. Wiki tatu hazitakufanya uwe mpanda milima, lakini zinatosha usiwe mzigo kwa mapafu yako mwenyewe.

Ngazi unazozilalamikia ndizo dawa. Ghorofa moja ni kama mita 3. Panda ghorofa 20, shuka, pumzika, jumla mara tatu kwa siku: hizo ni mita 180. Fanya hivyo siku tatu kwa wiki, siku ya mwisho ukiwa na begi la kilo 5. Kushuka usitumie lifti. Kushuka kunaumiza misuli ya mbele ya paja kwa namna ambayo kupanda hakufanyi, na hiyo ndiyo misuli inayokataa kazi kwenye mianzi jioni. Mwendo wako uwe ule unaoweza kuzungumza sentensi nzima. Ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha.

Jumamosi ya kwanza nenda msitu wa Karura, tembea saa tatu bila kukaa. Jumamosi ya pili, ukiweza, nenda Mlima Longonot. Huo nauona ndio mtihani sahihi, kwa sababu namba zake ni wazi: lango liko karibu mita 2,150, kilele mita 2,776. Kutoka langoni hadi ukingo wa shimo la volkeno ni kilomita 3.1, na kuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2, kwa hiyo jumla ni kama kilomita 13.4. Ukimaliza mzunguko wote na kurudi langoni kwa saa tano au sita, na kesho yake unashuka ngazi bila kushika ukuta, kwa Elephant Hill uko tayari. Ukiishia ukingoni na magoti yakakataa, omba klabu ikuhamishie safari nyingine, na hakuna aibu.

Ila Longonot shida yake ni kinyume cha Nyandarua. Hakuna maji njiani, hakuna kivuli, na udongo ni majivu ya volkeno: vumbi puani kipindi cha kiangazi, na kwenye kushuka unateleza kama unakanyaga mchanga juu ya saruji. Beba lita 3, kofia pana, na leso ya kufunika pua. Usikae kupumzika chini ya kuta za mitaro iliyochimbwa na mvua, maana majivu hayo humomonyoka ghafla. Malipo ya kuingia hufanywa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, si fedha taslimu, kwa hiyo maliza hilo ukiwa na mtandao mzuri.

Kuhusu mwinuko: ukiwa umekaa Nairobi miezi kadhaa, mwili umekwisha kuzoea sehemu ya njia. Kwenye mita 3,600 hewa ina msukumo wa kama theluthi mbili ya ule wa Kisauni, kwa hiyo kila pumzi inakupa oksijeni pungufu. Kuhema si ugonjwa. Kichwa kuuma kidogo juu ni kawaida. Lakini kichwa kinachozidi huku unapanda, kichefuchefu, na hasa kuyumba unapotembea kwenye mstari ulionyooka, hizo ni dalili za kushuka mara moja, na umwambie kiongozi wa nyuma kabla hujaulizwa. Usimeze dawa ya maumivu ili uendelee kupanda. Inaficha dalili tu.

Mwenye pumu abebe pampu yake mfukoni mwa ndani, si chini ya begi. Mwenye shinikizo la damu au mjamzito aongee na daktari wake kwanza, na kiongozi ajue kabla gari halijaondoka mjini.

Chakula: kula saa kumi alfajiri, uji au viazi vitamu na mayai, hata kama huna hamu. Njiani kula kidogo kila dakika 45 hadi saa nzima, usingoje njaa. Nduma, ndizi, karanga, chapati iliyokunjwa, tende ambazo nyinyi watu wa pwani mnazijua vizuri. Biskuti tupu hazikai tumboni. Maji lita 2.5 hadi 3, moja ikiwa imechanganywa na unga wa ORS, ule wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Anayekunywa maji matupu siku nzima huku akitoka jasho ndiye misuli inamkaza alasiri. Chai ya tangawizi kwenye chupa ya kuhifadhi moto, nusu lita, ni ya mgongoni mwa tembo, wakati mikono imekufa ganzi.

---

DadaWaVilima

Niongeze yale ambayo watu hawayasemi hadharani, kwa dada mwenzangu.

Njiani hakuna choo. Mapumziko ya mwisho yenye choo kwa kawaida ni maeneo ya Flyover, pale mnapoiacha barabara kuu ya Nakuru kuelekea Njabini, au kituoni kwenyewe. Tumia hata kama huna haja. Usipunguze kunywa maji kwa kuogopa kwenda msituni, kwa sababu hilo ndilo linaloleta kichwa na kukaza misuli. Ukihitaji, mwambie kiongozi wa nyuma au mwenzako mmoja, acha begi lako njiani kama alama, nenda hatua 15 pembeni na si zaidi. Nyati hupumzika kwenye vichaka vizito, na mtu aliyejitenga kimya kimya ndiye anayemkuta. Karatasi rudi nazo kwenye mfuko unaofungika.

Hata kama hedhi haijafika, beba pedi. Mwinuko na uchovu hubadilisha siku. Na nywele zifunge chini ya kofia, kwa sababu mianzi hushika misuko.

Kuhusu askari wa msitu, ambaye wengi humwita renja: hakuja kuipamba safari. Yupo kwa ajili ya tembo na nyati. Akiinua mkono, simama pale pale ulipo, nyamaza, usisogee mbele kuona ni nini. Akisema rudini, mnarudi nyuma taratibu mkimwangalia yeye, bila kukimbia. Muziki wa spika kwenye msitu ule ni ujinga wa hatari, kwa kuwa ndio unaomzuia asisikie matawi yakivunjika. Klabu inayopeleka watu na spika begani iulizwe swali hilo mapema.

---

Wa_Nyuma

Naona mmemwongoza vizuri. Nimalizie na siku yenyewe, na mvua.

Asubuhi kabla ya kutembea kiongozi anapaswa kutoa namba: kila mtu wa kundi ana yake, 1 hadi 22. Kuhesabu ni kwa kuitana namba, si kwa kuangalia vichwa, kwa sababu kichwa kimoja huhesabiwa mara mbili kwenye ukungu. Hesabu ifanyike langoni, mwanzo wa mianzi, Point of Despair, kileleni, na kila mahali njia inapogawanyika. Kama hawafanyi hivyo, pendekeza wewe. Si ukorofi.

Sheria ya safu ni moja: hakikisha unamwona aliye nyuma yako. Usipomwona, simama, na wa mbele yako atasimama kwa sababu hakuoni wewe. Kundi likitembea hivyo haliwezi kukatika. Beba filimbi. Milio mitatu ni ya kuomba msaada. Tochi ya kichwani yenye betri mpya ni lazima hata kama mpango ni kurudi mchana, na tochi ya simu haihesabiwi, kwa kuwa mkono mmoja utakuwa umeshika mwanzi na mwingine fimbo. Simu iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, katika hali ya ndegeni. Baridi humaliza betri, na simu inayotafuta mtandao usiopatikana huimaliza haraka zaidi.

Kwenye kushuka fupisha hatua, kunja magoti kidogo, kanyaga mguu wote badala ya kisigino peke yake. Anayetua kwa kisigino kwenye tope huangukia mgongo. Fimbo ziongezee urefu wa vidole vinne kwa ajili ya kushuka, na usiingize mkono kwenye kitanzi ndani ya mianzi, ili ukianguka fimbo iachike.

Sasa mvua. Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba, na Juni hadi Agosti ni baridi na ukungu. Januari na Februari ndiyo njia hukauka vizuri. Mvua ya Ijumaa usiku peke yake haitoshi kuahirisha, lakini inaongeza saa nzima kwenye hesabu niliyokupa, na kwa hiyo saa ya kugeuka inarudi nyuma iwe saa saba. Kiongozi asipoibadilisha, mwulize. Radi ni jambo jingine: ikisikika mkiwa mmetoka kwenye mianzi, mnashuka, kwa sababu kwenye mgongo ule mtu ndiye kitu kirefu kuliko vyote.

Na kama siku hiyo askari au kiongozi atasema hakuendeki, usiwe miongoni mwa wanaobishana kwa sababu wamelipa. Jirani na Longonot, kwenye korongo la Hell's Gate, mafuriko ya ghafla yaliua watu Aprili 2012 na tena Septemba 2019. Maji yale hutokana na mvua inayonyesha mbali, juu ya korongo, mahali ambapo aliye ndani hawezi kuiona. Askari wa mahali husoma mambo ambayo mgeni hayaoni.

---

MwanaKisauni

Nimewaelewa. Nimeandika yote kwenye daftari, na Longonot nimejiandikisha Jumamosi ya pili. Swali la mwisho: tope lile likikauka kwenye buti, nazisafishaje? Nimesikia watu wakiziweka juani siku nzima.

---

Fundi_Soli

Usizianike juani wala karibu na jiko. Ngozi hupasuka, na joto hulainisha gundi ya soli. Usiku huo huo toa kamba na kitambaa cha ndani, piga tope nje kwa brashi ya kufulia na maji ya baridi bila sabuni ya unga. Jaza ndani magazeti yaliyokunjwakunjwa, ziweke kivulini penye upepo. Badilisha magazeti baada ya saa mbili, kisha asubuhi, kisha jioni yake. Siku ya tatu, zikiwa kavu kabisa, paka ngozi mafuta ya viatu au nta, na kagua povu la soli upya kwa ukucha, vile vile kama siku ya kununua.